Mzigo Unakaa Juu ya Upepo

Duka la matairi lina haraka ya kuuza. Fundi huyu hana. Upande wa Gerezani, pale Kariakoo inapoachana na vitenge na vyombo vya plastiki na kuanza kunuka grisi, pikapu ya Land Cruiser imesimama juu ya stendi za chuma tangu saa moja asubuhi. Saa mbili inapita, maguta na mikokoteni imeshajaza njia, na bado fundi hajauliza bei ya tairi jipya hata moja. Amekaa kwenye kigoda. Matairi manne ya zamani yamelala mbele yake, kila moja limeandikwa kwa chaki lilikotoka: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Anayasoma.

Kusoma kwake ni kwa kiganja. Anakipitisha juu ya kashata za tairi la mbele kutoka nje kwenda ndani, taratibu, kisha anakirudisha. Kwenda ni laini, kurudi panakwaruza: kila kashata imebaki na ukingo mkali upande mmoja. Maana yake magurudumu ya mbele hayaangalii njia moja, na mpira umekuwa ukiburuzwa kando kidogo kila unapoviringika. Gari likapimwe na kunyooshwa, la sivyo jipya nalo litakwisha hivyo hivyo. Nyuma kushoto limelika kingo zote mbili huku katikati bado kumesimama. Hilo lilikuwa linatembea na upepo mdogo kuliko mzigo wake. Lingelika katikati tu, kosa lingekuwa upepo kuzidi. Nyuma kulia lina uvimbe ubavuni, mdogo, unaoonekana zaidi kwa kidole kuliko kwa jicho. Limegonga jiwe au shimo, nyuzi za ndani zikakatika, na sasa kinachozuia upepo pale ni mpira mtupu.

Wateja wengi hapa huanza na tairi jipya. Yeye anaanza na lililokufa, kwa sababu ndilo lenye ushahidi.

Baada ya hapo anamgeukia dereva.

“Unabeba nini?”

“Mchele, fundi. Naupakia Mlimba, nashusha mjini.”

“Magunia mangapi?”

“Kama kumi hivi.”

“Sema kweli, mwanangu.”

Dereva anacheka, anatazama pembeni. “Tajiri akiwepo, kumi. Asipokuwepo, kumi na tano.”

Gunia moja ni kama kilo 100, kwa hiyo tofauti ya kuwepo na kutokuwepo kwa tajiri ni nusu tani. Fundi hamkemei. Anaichukua hiyo kumi na tano kuwa ndiyo hesabu ya kazi. Lori lenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 lingesimamishwa kwenye mizani ya Vigwaza na kuulizwa. Pikapu ya namna hii huambaa, na kitu pekee kinachoipima njia nzima ni mpira.

Sasa ndipo anapovuka kwenda duka la jirani. Saizi anaijua bila kutazama: 7.50R16, inchi saba na nusu kwa upana, R ya radiali, ringi ya inchi 16, saizi ambayo Land Cruiser za kazi zimevaa miaka nenda rudi huko bara. Muuzaji anamwekea la plai 14 mbele, na dereva anafurahi kuliona lilivyo zito. Fundi anainama kusoma ubavu. Namba ya plai siku hizi haihesabu tabaka zilizomo ndani. Inataja nguvu tu, na nguvu hiyo hupatikana pale tairi linapojazwa upepo linaoutaka. La plai 14 linataka upepo mwingi, na ringi na ekseli za gari hili hazikuongezeka nguvu kwa sababu tairi limeongezeka. Tena pikapu ikienda tupu hadi Mlimba na matairi magumu kiasi hicho, itarukaruka njia nzima na kuzimaliza shokamzoba. Analisukuma pembeni kwa goti.

Anachotafuta kimeandikwa kwa herufi ndogo, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida huona urembo: 116/114N. Namba ya kwanza ni mzigo wa tairi likiwa moja moja kila upande, kama lilivyo hapa. Ya pili ni kwa magari yanayofunga mawili mawili nyuma. 116 ni kilo 1,250. Mawili ya nyuma yanabeba kilo 2,500, na humo uko mchele pamoja na uzito wa gari lenyewe unaoangukia nyuma. Herufi N inaruhusu mwendo wa kilomita 140 kwa saa, mwendo ambao gari lenye magunia halipaswi kuuota. Pembeni yake kuna tairi lenye sura nzuri kuliko hili, kashata pana, maandishi meupe, bei ya chini. Lina 104. Hiyo ni kilo 900, tairi la gari la kutembelea lililovalishwa sura ya kazi. Mawili yake yangeishia kilo 1,800, na pengo la kilo 700 lingekuja kulipwa usiku, barabarani, kwa kishindo.

Kisha tarehe. Katika mstari wa maandishi unaoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Matairi manne kutoka lundo moja si lazima yawe na umri mmoja. La tatu, lililokuwa juu kabisa likipigwa na jua la kibarazani, ni la miaka sita nyuma. Fundi analikunja ubavu kwa vidole gumba vyote viwili, na mistari myembamba inafunguka kwenye mpira. Halijawahi kugusa barabara na limeshazeeka. Muuzaji analirudisha ndani na kuleta jingine bila ubishi. Wanajuana.

Pia anaingiza kucha kwenye mifereji. Chini kabisa, kila baada ya umbali fulani, kuna vituta vidogo vya mpira, na kashata ikishuka hadi kulingana navyo imebaki milimita 1.6, tairi limekwisha. Mjini wapo wanaochonga: wanachukua kipara, wanakichimba mifereji upya kwa kisu cha moto, wanakipaka dawa nyeusi, kinang’aa. Mchongaji hukata vituta pamoja na mfereji, kwa hiyo kucha isipovikuta, jibu limepatikana. Kwenye duka hili havikosekani. Anavigusa hata hivyo, kwenye yote manne.

Wenye umri hapa Gerezani bado huitaja General, tairi lililotengenezwa Arusha katika kiwanda ambacho serikali ilimiliki pamoja na Continental ya Ujerumani, hadi kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Wakenya walikuwa na Yana ya Nairobi. Kiwanda hicho nacho kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Sasa mpira unakuja kwa meli, chapa ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzikariri, na kwa maoni yangu ndiyo maana jicho la fundi limepanda thamani. Zamani chapa ilitosha kujibu maswali. Siku hizi lazima usome ubavu.

Kufunga ndiko ninakopenda kutazama kuliko kote. Ringi hizi si za kipande kimoja: upande mmoja una pete ya chuma iliyokatwa, inayokaa kwenye mfereji wake na kulizuia tairi lisitoke. Fundi anaisugua ringi yote kwa brashi ya waya mpaka kutu idondoke, anapitisha msasa kwenye mfereji, kisha anaigonga pete kwa nyundo ndogo akiwa ameinamisha sikio. Chuma kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti fupi, butu. Pete yenye ufa au iliyopinda hainyooshwi. Inatupwa.

Tairi jipya analitia mkono ndani na kulizunguka lote kwa ncha za vidole, kama mama anayechambua mchele, akitafuta kipande cha waya, mchanga, hata karatasi ya kiwandani iliyoganda. Kitu kidogo hivyo kinasaga tyubu kidogo kidogo hadi kuitoboa. Hakipo. Anamwaga poda, anaizungushia ndani mpaka mpira uwe mweupe, ili tyubu ipate kuteleza na kujipanga. Tyubu anaijaza upepo kidogo tu, ipate umbo, anaiingiza, kisha anaweka flapu, ule ukanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na chuma. Anaukagua pande zote kwamba haujajikunja. Tairi lina nukta ya njano ubavuni, alama ya sehemu yake nyepesi; analigeuza mpaka nukta ikae mkabala na valvu, kwa kuwa valvu ina uzito wake. Maji ya sabuni kwenye kingo. Mtaimbo, goti, mtaimbo tena. Tairi linashuka kwenye ringi bila kupigwa hata mara moja.

Pete sasa. Anaikalisha upande mmoja, anaisukuma kwa kisigino kuuzunguka mfereji, na inapogoma anaigonga kwa nyundo ya mpira, pigo jepesi kila baada ya kiganja kimoja. Ikishakaa anazungusha kidole chake kwenye ukingo wote, mzunguko kamili, polepole. Dereva anatazama simu. Msaidizi, kijana aliyevaa makatambuga yaliyokatwa kwenye tairi la zamani, ameshashika mpira wa kompresa na anasubiri. Fundi anauzunguka ukingo mara ya pili, kinyume.

Sababu ya utulivu huu inajulikana na kila mtu wa kazi hii. Pete iliyokaa vibaya, upepo ukipanda, huruka kwa nguvu ya kumuua mtu. Kwa hiyo gurudumu linafungwa mnyororo kupitia matundu ya ringi, linalazwa pete ikiwa chini, na mpira wa kompresa ni mrefu ili anayejaza asimame mbali na ubavuni. Anajaza hadi kingo zinaposukumwa na kukaa kwa mlio mzito. Halafu anautoa upepo wote.

Mara ya kwanza nilidhani ameona kosa. Hapana. Tyubu inapojaa mara ya kwanza huweza kubanwa mahali na kubaki imejikunja. Ukiutoa upepo, poda inaifanya ijinyooshe, na ujazo wa pili unaikuta imetulia. Hiyo ni dakika tano zaidi kwa kila gurudumu, na tyubu nyingi zinazopasuka bila msumari zilikosa dakika hizo tano.

Upepo wa mwisho anaupima kwa geji yake mwenyewe, anayoitunza kwenye soksi, akisoma kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva: kipimo kimoja cha gari tupu, kingine cha gari lenye mzigo. Namba ya ubavuni ni mwisho wa tairi, si ya kufuata kila siku. Anamweleza dereva bila kuinua sauti. Pima asubuhi, mpira ukiwa baridi. Ukitembea, upepo utapanda wenyewe. Usiupunguze barabarani kwa kuogopa, maana ukipoa utabaki mdogo, na tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo ndilo linalochemka hadi likachanika. Kila kilomita 10,000 hivi, badilisha ya mbele na ya nyuma. Spea nayo ni tairi. Aliyokuwa nayo dereva, iliyoning’inia chini ya bodi, ilikuwa haina upepo kabisa.

Nati tano anazikaza kwa kuruka moja kila mara, nyota nyota, kwanza kwa mkono, kisha gari likishuka chini anazirudia kwa spana.

“Nati zilizofungwa upya hukaa baada ya safari kidogo,” anamwambia dereva. “Ukifika Chalinze, simama uzirudie.”

“Nitazikaza Moro, mzee. Chalinze pana fujo.”

“Chalinze. Moro ni mbali.”

Kisha anaomba aone spana ya magurudumu. Dereva anapekua nyuma ya kiti, anatoa jeki, kamba na galoni tupu. Spana haimo. Fundi anafuta mikono kwa tambara, na kijana anatumwa mtaa wa pili akanunue.