Zambarau ndani ya Jeli

Mama mkubwa alitoka kwenye chumba cha mionzi, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, akiwa na swali moja: "Mwanangu, mbona sijasikia kitu?" Alikuwa amepanda basi kutoka Kilwa Masoko, kilomita zipatazo 300, akitegemea walau ajisikie joto.

Nilikosa jibu. Leo ningemwonyesha jeli ya kupimia mionzi.

Nusu yake ni mambo ya jikoni: jelatini, ileile ya kugandishia vitamutamu, na maji safi. Kisha tindikali ya salfa kidogo, chumvi ya chuma, na rangi iitwayo zailenoli oranji. Fundi huyeyusha jelatini kwa moto wa taratibu, huiacha ipoe, ndipo atie chuma, maana chuma hakitaki joto. Kikiwahishwa huharibika kabla ya kazi. Humimina polepole pasiingie povu, hulaza chombo gizani kwenye friji. Asubuhi jeli ina rangi ya embe bivu. Ikipigwa mionzi, chuma hupoteza elektroni, hushikana na ile rangi, na palipopitiwa pakageuka zambarau. Dozi ikizidi, zambarau hukolea.

Hugo Fricke alipima mionzi kwa maji ya chuma tangu 1927, lakini maji huchanganyika. Yanakupa jumla tu. Jeli inakuonyesha na mahali: hapa uvimbe ungekuwepo, hapa uti wa mgongo umeepukwa. Mwaka 1984 John Gore na wenzake wakaonyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kuyasoma mabadiliko hayo ya chuma.

Wapo wanaotumia agarosi badala ya jelatini, nayo hutoka kwenye mwani mwekundu. Mwani ambao akina mama wa kisiwa cha Songosongo huufunga kambani maji yakipwa hutoa karajinani, ndugu yake wa karibu. Hilo mama mkubwa angelielewa upesi kuliko habari za elektroni.

Ila zambarau hiyo haitulii. Huenea kidogo kidogo, kingo zikafifia, hivyo picha husomwa mapema, saa zisipite nyingi. Wengi huiona kasoro. Mimi naipendea hapo hapo: kipimo kinachomlazimisha fundi asikawie.

Mama mkubwa walimchora ubavuni kwa wino, kuonyesha mahali pa kulenga, wakamkataza kupasugua. Alipomaliza vipindi vyake alirudi Masoko na mistari ile. Kila alipooga aliitazama: ilianza kufifia kwenye kingo.