Simba wa Vita na sheria zake

Hapa Mshangano ukitaja jina la Rashidi Kawawa, wazee wanajiweka sawa kwenye viti. Mtoto wa Ruvuma huyo, mzaliwa wa Matepwende, Simba wa Vita. Sina ugomvi na fahari yao. Ugomvi wangu ni na namna tunavyomwandika.

Tangu afariki, Desemba 31, 2009, nimesoma tanzia na makala nyingi kumhusu. Zote zinasema mtiifu, mnyenyekevu, mchapakazi. Hata filamu ya Muhogo Mchungu aliyocheza ujanani haisahauliki. Sheria tu ndizo hazimo. Jamani, mwanasiasa bila sheria zake ni nani?

Hebu tuzisome. Mwaka 1955 Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mgomo ndio ulikuwa silaha yao. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na nyingine ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, TFL yenyewe ikafutwa kwa sheria, ikaja NUTA.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, nchi ilikuwa changa." Sawa, na sheria hizo hazikuwa za mtu mmoja. Lakini karibu miaka 30 baadaye Tume ya Nyalali iliikuta ile ya kizuizini bado ipo, ikaiweka kwenye orodha ya sheria 40 mbaya. Uchanga gani huo usiokua?

Haki itendeke pande zote. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilipita Kawawa akiwa Makamu wa Pili wa Rais. Ilisema wazi kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe. Hiyohiyo ikaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa. Nayo mwandishi aiweke mezani, yote mawili.

Wenzetu huko kusini mwa Marekani mwanasiasa anasomwa kwa kura zake. Lyndon Johnson wa Texas alipinga miswada ya haki za raia kwa miaka 20 bungeni, halafu mwaka 1964, akiwa Rais, akatia saini sheria kubwa kuliko zote hizo. Wanaomwandika wanaweka kura za mwanzo na saini ya mwisho pamoja, kisha wanauliza nini kilimbadilisha.

Kwa Kawawa safari ilienda kinyume, na swali ni lilelile. Aliwaambia nini wenzake wa TFL walipokutana baada ya 1962? Walimjibu nini? Kitabu kitakachonijibu hayo nitakinunua hata kwa kukopa. Kingine cha kuniambia alikuwa mnyenyekevu, hapana. Hilo wazee wa Mshangano wananiambia bure.