Nguvu kwa Nguvu: Mtawala na Vita katika Habari za Wakilindi

Ni vichache vitabu vya nathari ya zamani ya Kiswahili vinavyoichungua kazi ya utawala kwa ukaribu kama Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kilianza kuchapishwa kwa mafungu na wamisionari wa UMCA mwishoni mwa karne ya 19, kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Wengi hukikumbuka kwa kisa cha Mbegha, mwindaji wa Nguu aliyenyimwa urithi kwa kuwa alikuwa kigego, akapanda milima ya Usambara, akaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, na mwisho akatawazwa Vuga. Lakini uzito wa kitabu umo zaidi katika sehemu za baadaye, pale dola iliyojengwa kwa nyama na maneno mema inapovunjwa kwa bunduki.

Kati ya nyakati hizo mbili amesimama Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 baada ya kutawala miaka mingi. Krapf alimtembelea mwaka 1848, Burton na Speke wakamkuta mzee mwaka 1857. Mamlaka yake yaliteremka hadi pwani, yakakutana na yale ya Sayyid Said wa Unguja. Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha mfalme: ama huiponya nchi, ama huidhuru. Panapokuwa na mwenye enzi mmoja aliyewashinda wote, mvua hunyesha. Wawili wanapolingana na kushindana, ni nguvu kwa nguvu, na njaa huingia.

Kipimo hicho ndicho ufunguo wa kuisoma habari ya vita. Kimweri alirithiwa na mjukuu wake Shekulwavu, kijana aliyekaa Vuga kwa haki ya ukoo. Ami yake Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, karibu na njia ya misafara, mahali ambapo bunduki na baruti zilipatikana kwa wepesi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliiteka Vuga, Shekulwavu akakimbia. Hata hivyo mshindi hakukikalia kiti. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde kwenye biashara yake. Wabondei nao wakainuka katika maasi ya Kiva, wakawafukuza Wakilindi, wengine wakawauza. Watoto wa wafalme walipitia njia ileile waliyopitishwa mateka wao.

Abdallah alikuwa karani wa Semboja. Msomaji angetarajia sifa za bwana wake, na kwa kiasi anazipata: Semboja wa kitabuni ni mwerevu, mwenye shauri la haraka, anayejua thamani ya barua. Hata hivyo fani ya mwandishi inasema zaidi ya utiifu wake. Yeye husimulia kwa mazungumzo: watu hukaa barazani, huulizana, hupeana zamu. Katika habari za Mbegha neno la wazee lina uzito, kwa kuwa mfalme anawahitaji. Vita vinapopamba moto mashauri yangali yakifanyika, lakini yanahusu zaidi nani ashambuliwe na nani apewe nini. Bila kumlaumu Semboja waziwazi, mwandishi ameonyesha mtawala aliyeweza kushinda kila kitu isipokuwa kuwa mfalme.

Kasoro ya kitabu imo katika sauti zilizokosekana. Katika simulizi ambamo karibu kila mtu ana la kusema, waliouzwa wana machache mno. Wanahesabiwa pamoja na ng'ombe na baruti, kisha wanateremka kuelekea Pangani na kutoweka. Kwa msomaji wa visiwani pengo hilo si dogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini magendo kuelekea Pemba yaliendelea, na jasho la watu wa bara likaendelea kunywesha mikarafuu. Habari iliyokatika pale Pangani ilikuwa na mwendelezo huku, na hakuna karani aliyeuandika. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wanavijiji wa Usambara katika miaka ya 1960, alizipata baadhi ya kumbukumbu za wanyonge katika utafiti uliozaa kitabu chake cha mwaka 1974. Lakini hao ni wazao wa waliobaki mlimani.

Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, wakamweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, katika nchi ambayo wao wenyewe ndio waliokuwa wenye nguvu. Na mji walioujenga Lushoto wakauita Wilhelmstal. Kwa hiyo kitabu hiki kisisomwe kama tarehe ya ukoo tu. Ni ushahidi wa mtu aliyekula chumvi ya mshindi na bado akaacha wazi hesabu ya ushindi ule: enzi iliyopatikana kwa kuwauza raia haikupata raia wa kuitetea mgeni alipofika.