Kujumlisha na Kujumuisha: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Majedwali

Miongoni mwa nyaraka tulizozipitia hivi karibuni imo fomu moja ya takwimu za uchimbaji mdogo wa dhahabu, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza na kutumika katika ukanda wa Geita na Shinyanga. Ofisi iliyoitoa hatutaitaja, kwa kuwa kosa lililomo si lake peke yake. Tumelikuta katika fomu za elimu, za afya na za kilimo pia. Fomu hiyo inamwagiza karani hivi: “Jumlisha taarifa za vyanzo vyote katika jedwali la jumla.” Kisarufi sentensi hii haina ila. Mfasiri aliyeiandika angeweza kuitetea mbele ya mwalimu yeyote wa Kiswahili. Hata hivyo, ni dhahiri kwetu kwamba imewapotosha watu waliokuwa wakiitii.

Tuliiona kazi yake Masumbwe, mji mdogo uliopo wilayani Mbogwe, kwenye barabara kuu itokayo Isaka kuelekea Lusahunga. Karani tuliyezungumza naye alikuwa na madaftari matatu mbele yake. La kwanza lilitoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, nalo lilihesabu mifuko ya mawe iliyopandishwa juu. La pili lilitoka kwenye karasha, mahali mawe yanaposagwa, nalo pia lilihesabu mifuko. La tatu lilikuwa la mnunuzi, lenye kuhesabu gramu za dhahabu. Karani huyo, mtu makini na mwenye mwandiko wa kupendeza, alikuwa amejumlisha mifuko ya daftari la kwanza na mifuko ya daftari la pili, akaiandika chini ya jedwali kwa wino mwekundu. Tulipomwuliza sababu, alitusogezea fomu akasema, “Ndugu zangu, si imeandikwa jumlisha?” Hatukuwa na la kumjibu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mifuko 40 ikitoka kwenye duara ikapelekwa karashani, karasha nalo litaandika mifuko 40. Mawe ni yale yale. Jumla ya 80 haipo popote duniani isipokuwa katika jedwali. Tena shughuli haikomi hapo, kwa maana mchanga unaobaki baada ya kuoshwa huuzwa na kuchenjuliwa upya, na huweza kuingia katika daftari mara ya tatu. Wachimbaji wenyewe huuita mchanga huo marudio. Neno hilo linajieleza: kitu kimerudi, si kipya. Fomu haikuwa na safu ya marudio, wala maelezo yake hayakuligusa neno hilo. Laiti mfasiri angekaa mwaloni nusu siku kabla ya kushika kalamu!

Msomaji asidhani kwamba tunagombania herufi. Jedwali hilo hupanda kutoka kijijini hadi ngazi za juu. Likionyesha mawe maradufu, swali litakalofuata ni kwamba ushuru wa nusu ya pili umekwenda wapi, na atakayeulizwa si mfasiri.

Chanzo cha mkanganyiko ni vitenzi viwili vinavyofanana mno kwa sauti. Kujumlisha kunatokana na jumla, na maana yake ni kuongeza idadi juu ya idadi. Kujumuisha ni ndugu wa jumuiya, na maana yake ni kuweka vitu mbalimbali pamoja pasipo kuviyeyusha kuwa kimoja. Katika Kiarabu asili zake ni mbili tofauti. Katika kinywa cha Kiswahili zimekaribiana hata sauti moja tu ndiyo inayozitenganisha. Fomu ilihitaji la pili ikapewa la kwanza.

Lakini hata kujumuisha peke yake hakutoshi, na hapa tunatofautiana na wenzetu wanaodhani kwamba kubadili neno moja kutamaliza kazi. Kabla ya kuziweka takwimu pamoja, hazina budi kuoanishwa: kipimo kimoja, kipindi kimoja, eneo moja. Masumbwe yenyewe ni ushahidi. Katika sensa ya mwaka 2002 mji huu ulihesabiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, uliokuwa na watu karibu milioni 2.8. Mwaka 2012 ikaundwa mikoa mipya ya Geita na Simiyu, na Masumbwe ikawa ya Geita. Sensa ya mwaka huo huo ikaipa Shinyanga watu 1,534,808, Geita 1,739,530 na Simiyu 1,584,157. Mtu akichukua vitabu hivyo viwili vya sensa na kuweka mstari wa “Shinyanga” katika chati moja, atauona mkoa umepoteza zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, kana kwamba tauni ilipita. Hawakufa, mpaka ndio uliohama. Takwimu zote ni sahihi, na chati ni ya uongo.

Sasa, jedwali lenyewe liitweje? Jedwali la jumla tumekwisha kulikataa. Jedwali jumuishi lingefaa lau neno jumuishi lisingekuwa tayari limeshika kazi nyingine katika elimu jumuishi. Istilahi moja haifai kubebeshwa mizigo miwili. Jedwali mama tumelisikia ofisini, nalo lina ucheshi wake, ila ni la mazungumzo. Sisi tunapendekeza jedwali la majumuisho. Watumishi wa serikali wamekwisha kulizoea neno hilo katika majumuisho ya ziara, ambapo mambo yaliyoonekana sehemu mbalimbali huletwa mezani pamoja na kupimwa, wala hakuna anayedhani kwamba yanaongezwa kama senti. Jumla ibaki kuwa jina la mstari wa chini, na pale tu panapostahili mstari huo.

Kwa hiyo agizo la fomu lisomeke hivi: “Oanisha kwanza taarifa za vyanzo vyote, kisha zijumuishe katika jedwali la majumuisho, ukionyesha chanzo cha kila safu. Usijumlishe mifuko iliyohesabiwa katika daftari zaidi ya moja. Marudio yaandikwe katika safu yake.” Ni refu kuliko la awali. Karani wa Masumbwe tulimsomea, akalinakili nyuma ya daftari lake kabla hatujaondoka.