Kopo la Simenti na Dumu la Maji

Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege huwa na uzito wa karibu kilo 9.5. Chukua mawili, yaunganishe kwa bomba la chuma, na tayari umepita kilo 20. Chuma cha namna hiyo kipo nyuma ya nyumba nyingi mitaani kwetu, na mvulana wa miaka 14 huanza nacho kwa sababu ndicho kilichopo. Nimeanza na kopo hilo kwa makusudi. Likitajwa suala la vijana na vyuma, mzazi huuliza kwanza kama mtoto atadumaa. Ni wachache wanaouliza ananyanyua kilo ngapi, alianza na ngapi, na kesho ataongeza ngapi. Kwangu mimi, usalama wote umelala kwenye maswali hayo matatu.

Hofu ya kudumaa ina chanzo, na si haki kumbeza mzazi anayeishika. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya kijana kuna gegedu, tishu laini kuliko mfupa, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Gegedu hilo hugeuka mfupa kamili ujana unapokwisha. Likivunjika vibaya kabla ya hapo, mfupa unaweza kukua mfupi au kupinda. Matukio ya kuvunjika hivyo kwa kunyanyua vyuma yameandikwa na madaktari, na katika mengi yake kijana alikuwa akisukuma uzito mkubwa juu ya kichwa, bila mwalimu, kwa mtindo mbovu. Lakini katika majaribio ambayo vijana walifundishwa na kusimamiwa, kimo chao hakikuathirika. Tena mtoto anayeruka kuwania mpira wa kichwa na kutua kwenye uwanja mgumu hupokea kwenye magoti yake nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, na hakuna mzazi anayemkataza kucheza kwa sababu hiyo.

Kuna jaribio moja ambalo kila anayefundisha vijana anafaa kulifuata hatua kwa hatua. Mwaka 1999 Avery Faigenbaum, Wayne Westcott na wenzao huko Marekani walichapisha matokeo ya watoto 43 wenye umri wa kati ya miaka 5 na 12. Waliwagawa makundi matatu. La kwanza lilifanya seti 1 ya marudio 6 hadi 8 kwa uzito mkubwa. La pili lilifanya seti 1 ya marudio 13 hadi 15 kwa uzito wa wastani. La tatu halikunyanyua kitu, likawa la kulinganishia. Walifanya mazoezi mara 2 kwa wiki, kwa wiki 8.

Mtaani tungeapa kwamba kundi la uzito mkubwa litashinda. Kwenye miguu, kundi hilo liliongeza nguvu kwa asilimia 31, na la uzito wa wastani likaongeza asilimia 40.9. Kwenye kifua tofauti ilikuwa wazi zaidi: kundi la uzito wa wastani peke yake ndilo lililoacha nyuma watoto ambao hawakufanya mazoezi, kwa ongezeko la asilimia 16.3. Waliobeba kizito zaidi hawakuwapita kwa kiasi cha kuhesabika watoto waliokaa bure.

Sababu iko kwenye mishipa ya fahamu. Kabla ya kubalehe mwili hauna homoni za kutosha kuujaza msuli, kwa hiyo nguvu inayoongezeka hutokana na ubongo kujifunza kuiita misuli kwa wakati mmoja na kwa mpangilio. Kila rudio ni somo. Piga hesabu: wiki 8, mara 2 kwa wiki, ni vipindi 16. Kwa kila zoezi, kundi la kwanza lilipata masomo 128 kwa wingi wake, na la pili lilipata kati ya 208 na 240. Waliosoma zaidi walijua zaidi.

Kijana wa miaka 15 si mtoto wa miaka 9, hilo lazima lisemwe. Akishabalehe misuli yake hujaa kweli, na baada ya muda wa mafunzo mazuri anaweza kuhamia uzito mkubwa zaidi na marudio machache. Lakini siku anapoanza naye ni mwanafunzi wa mwendo, na miongozo ya wataalamu inakutana hapo: kwanza mtindo bila uzito wowote, kisha seti 1 au 2 za marudio 8 hadi 15, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana. Marudio 15 yakitoka safi, uzito huongezwa kwa asilimia 5 hadi 10.

Hapo ndipo kopo la simenti linaposhindwa. Asilimia 5 hadi 10 ya kilo 20 ni kilo 1 hadi 2, ilhali uwanjani hatua inayofuata ni jozi nyingine ya makopo. Kijana anatoka 20 na kutua 40, ongezeko la asilimia 100, huku wenzake wamemzunguka wakimpigia kelele, "Ongeza, kaka, ongeza!" Kwa kijana wa kilo 45, hata hizo 20 za mwanzo ni karibu nusu ya mwili wake. Mgongo unapinda, nyonga inatangulia kupanda, na ubongo unajifunza kosa hilo kwa bidii ileile ambayo ungejifunzia mwendo sahihi.

Kijana anayeanza napendelea apewe dumu. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo dumu ni mizani tayari. Analikumbatia kifuani, miguu imepanuka kadiri ya mabega, anachuchumaa: visigino chini, magoti yakielekea vidole vilipoelekea, kifua kimeinuka, pumzi ikitoka wakati wa kupanda. Anaanza na dumu tupu, kisha kilo 3, kisha 5. Kutoka 5 kwenda 5.5 ni nusu lita tu, yaani asilimia 10. Kisigino kikiinuka kwenye rudio la 12, mwalimu anahesabu 11 na kumsimamisha. Dumu lisilojaa hutikisika na kumyumbisha mgeni, basi atie mchanga mkavu badala yake, aupime upya, kwani lita 1 ya mchanga ni kama kilo 1.6. Na akishafika kwenye bomba la makopo, chupa 2 za nusu lita zilizojaa mchanga, zikifungwa barabara kwa mpira wa tyubu, moja kila upande, zinaongeza kilo 1.6. Hiyo ni asilimia 8 ya kilo 20, ndani kabisa ya kipimo.

Kuna hatari nyingine isiyohusu misuli hata kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliochambua majeruhi wa vyuma waliofika hospitali kwa dharura walikuta kwamba kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, theluthi mbili ya majeraha yalikuwa ya mikono na miguu, na mengi yalitokana na chuma kudondoka au kubana. Vidole, basi. Bomba lisilo na kizuizi mwishoni, kopo linaloteleza, mdogo mtu anayecheza karibu. Kwa hiyo uwanja ufagiliwe, viatu vivaliwe, na asiyefanya zoezi akae mbali. Kulala kwenye benchi chini ya bomba bila mtu mzima kusimama kichwani ni marufuku, hata kama bomba ni jepesi.

Wasichana wasiachwe nje ya haya yote. Kasi yao ya kurefuka hufikia kilele karibu na miaka 12, ya wavulana karibu na 14, na miezi hiyo mifupa huitangulia misuli, kiasi kwamba aliyechuchumaa vizuri Januari anayumba Juni. Mwalimu akiona hivyo apunguze uzito, arudi kwenye mtindo, asimkemee. Mwenye shinikizo la juu la damu, kifafa, ugonjwa wa moyo au selimundu aanzie kwa daktari.

Na kabla ya kuhesabu rudio lolote, siku ya kwanza kabisa, kijana afundishwe kushindwa: dumu likizidi, aliachie mbele yake na kurudi hatua moja nyuma. Alifanye hilo mara 10, dumu likiwa tupu, mpaka mikono ifungue bila kuuliza.