Hesabu ya Msokoto

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, maji yakipwa huonekana marundo ya mawe juu ya mchanga, na chini yake yamezikwa makumbi ya nazi. Hukaa humo miezi kadhaa, bahari ikiyafunika na kuyafunua, mpaka kumbi lioze na usumba ubaki. Akina mama huyafukua, huyaponda kwa kipande cha mti, huyasuuza na kuyaanika. Uvundo wake si wa kusimuliwa. Yote hayo ni matayarisho tu. Kazi ninayotaka kuisifu huanza usumba ukishakauka na kufika viganjani.

Msokotaji hukaa chini, miguu ameinyoosha, akaweka mafungu mawili membamba ya usumba kiganjani, sambamba. Kiganja cha pili husukuma mbele, na mafungu yote mawili hubingirika upande mmoja, kila moja likijisokota peke yake. Kisha huyaachia yakutane. Hapo mikono haina tena cha kulazimisha: nyuzi zile mbili, kila mmoja ukitaka kujifungua, hupandiana na kuzungukana kwa kuelekea upande wa pili. Usumba ukipungua, huchomekwa mwingine bila kusimama. Mazungumzo hayakatiki, macho yako kwa jirani, na kamba inarefuka kwa unene ule ule.

Siri ya kutofumuka iko katika ugomvi. Uzi ukitaka kujifungua, lazima uikaze kamba. Kamba ikitaka kujifungua, lazima iukaze uzi. Hakuna anayeweza kutoka bila kumbana mwenzake, basi wote wanabaki. Lakini msokoto uwe kiasi gani? Mwaka 2011 wanafizikia wawili wa Denmark, Jakob Bohr na Kasper Olsen, walionyesha kuwa jibu halitegemei kama kamba ni ya katani, ya usumba au ya nailoni. Ni suala la umbo. Nyuzi zenye urefu fulani zina idadi ya juu ya mizunguko zinayoweza kubeba. Ukizidisha kuzilaza, zinanenepesha kamba na mizunguko inapungua badala ya kuongezeka. Kamba iliyofika kwenye kilele hicho, ukiivuta, haizunguki kulia wala kushoto. Kwa kamba ya nyuzi tatu, kilele kiko pale urefu wa kamba unapokuwa kama asilimia 68 ya urefu wa nyuzi zake. Waliosokota kamba za majahazi na kushona mashua za mitepe hawakuwa na hesabu hiyo kwenye karatasi. Kiganja huihisi: kamba inaanza kukataa.

Msokoto una tabia moja ambayo kila mvuvi wa mshipi anaijua kwa hasira. Nailoni ikishajisokota, kisha ukailegeza, haitulii. Hujikunja kitanzi, na kitanzi hujizungusha mpaka kinakuwa pindi gumu. Msokoto umehama: ulikuwa ndani ya uzi, sasa uko katika mkunjo wa uzi wenyewe. Ukizishika ncha zisizunguke, jumla ya hivyo viwili haibadiliki hata kidogo. Mwanahisabati wa Romania, Gheorghe Călugăreanu, ndiye aliyelifungua jambo hilo karibu na mwaka 1960, na wanabiolojia wakalichukua kueleza jinsi DNA inavyojikunja ndani ya seli.

Kabla yake kulikuwa na Gustav Kirchhoff, Mjerumani, ambaye mwaka 1859 aligundua jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Milinganyo inayoeleza umbo la uzi uliosokotwa na kutulia, ukiufuata kutoka ncha hadi ncha, ni ile ile inayoeleza mwendo wa pia inayozunguka kutoka dakika hadi dakika. Weka urefu mahali pa muda, na hesabu moja inatosha. Ond iliyo sawasawa ya kamba nzuri ni pia inayoyumba kwa utaratibu bila kuanguka.

Kuiweka hesabu hiyo kwenye kompyuta ni ufundi mwingine, na nao unataka subira. Uzi hukatwa vipande vifupi vilivyonyooka, kisha programu hukokotoa jinsi kila kiungo kinavyopinda na kusokotwa. Ugumu ni kwamba katika uzi mwembamba msokoto husambaa haraka mno kuliko kupinda; kuufuatilia hatua kwa hatua humaliza nguvu za mashine. Mwaka 2008 Miklós Bergou na wenzake walikuja na njia ya kuudhania msokoto kuwa umeshatulia kila mara, na kuubeba kwa pembe moja tu kwa kila kipande. Waliijaribu kwa kipimo cha zamani cha John Henry Michell cha mwaka 1889: pete ya waya ikisokotwa hubaki bapa mpaka kiwango fulani, kisha hupinduka ghafla. Programu ikapindua pete yake pale pale nadharia iliposema.

Hata hivyo uzi wa programu ile ni mmoja, laini, usioungwa popote. Usumba ni vipande vya kama shibiri moja hivi, na kamba ni pima kwa pima. Galileo alijiuliza katika kitabu chake cha mwaka 1638 jinsi nyuzi fupi zinavyoweza kuwa kamba ndefu yenye nguvu. Jibu la kihesabu lilipata umbo zuri mwaka 2018, kwa Patrick Warren, Robin Ball na Raymond Goldstein: msuguano ukitosha, na vipande vikipishana vya kutosha, kuvuta kwenyewe ndiko kunakovibana, na kadiri unavyovuta ndivyo vinavyoshikana. Visipopishana vya kutosha, vinachomoka. Ndiyo maana msokotaji mzuri hachomeki usumba mpya katika nyuzi zote mbili mahali pamoja. Huuongeza uzi mmoja, akasokota kidogo, ndipo akauongeza wa pili.