Foleni ya Darajani Iliyozaa Klasi

Anayeanza kujifunza kuandika programu kwa mtindo wa vitu hupewa maneno magumu ayakariri: urithi, ufichaji, maumbo mengi. Huyakariri na kufaulu mtihani, kisha akikaa mbele ya kompyuta hajui aanzie wapi. Naamini tunamkosea, kwa kumpa majibu kabla hajalisikia swali. Na swali lenyewe lilikuwa la foleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, jijini Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl wa Kituo cha Kompyuta cha Norwei walitaka kuiga ndani ya mashine kazi zenye kusubiriana: wateja dirishani, magari barabarani, bidhaa kiwandani. Walianzia kwenye lugha ya Algol 60, nayo ikawakwamisha mapema. Katika Algol, utaratibu unapoitwa hutengewa nafasi ya kumbukumbu juu ya ile ya aliyeuita, na ukimaliza nafasi hiyo hufutwa. Ni kama sahani zilizobebanishwa: iliyowekwa mwisho ndiyo itakayoondolewa kwanza.

Foleni haiendi hivyo. Lori lililotangulia kufika hutangulia kuondoka, na muda wote linaposubiri lazima likumbuke uzito wa mzigo wake, saa liliyofika, na hatua liliyoishia katika shughuli zake. Sahani ya chini haichomoki bila kuangusha za juu. Kwa hiyo Dahl aliuandika upya mfumo wa kugawa kumbukumbu, kila lori lipate nafasi yake lenyewe, nafasi isiyofutwa maadamu bado kuna anayeihitaji. Hapo data za lori na matendo yake vikakaa pamoja, vikaishi pamoja. Hicho ndicho kitu. Maelezo yanayoandikwa mara moja, ambayo kwayo vitu mia huundwa, ndiyo klasi. Ukielewa sahani na foleni, umeshapata kiini cha somo zima. Yaliyobaki yanaegemea hapo.

Lugha yao ya kwanza, Simula, ilianza kutumika kwenye kompyuta ya UNIVAC 1107. Ikazua taabu mpya. Chukua daraja lenye kituo cha ushuru, mabasi na malori yakisubiri zamu. Aliyewahi kupita daraja la Kigamboni ana picha hiyo kichwani. Basi lina abiria, lori lina tani. Hata hivyo yote mawili yanahitaji mambo yaleyale ya foleni: nani yuko mbele yangu, nani yuko nyuma. Je, uyaandike mara mbili?

Mwaka 1966 mtaalamu wa kompyuta Tony Hoare alifundisha nchini Ufaransa juu ya rekodi zilizogawanywa kwa klasi, na mawazo yake yakawasaidia wawili hawa. Kuelekea mwanzo wa 1967 wakapata ufumbuzi: jina la klasi ya foleni liandikwe mbele ya klasi ya basi, kama kiambishi awali. Ndani ya kumbukumbu, sehemu ya foleni hukaa mwanzo, na sehemu ya basi hufuata papo hapo. Msimamizi wa foleni husoma mwanzo tu, na huukuta mahali palepale, liwe basi au lori. Huo ndio urithi, na sioni maelezo ya familia ya wanyama, mbwa na paka wa vitabuni, yakiufafanua vizuri hivyo.

Ushuru nao una kanuni zake: basi hutozwa kwa abiria, lori kwa uzito. Simula 67, lugha yao mpya yenye ufumbuzi huo, iliruhusu klasi mama (ile ya foleni) kutangaza utaratibu wa kutoza, kisha kila klasi mtoto iuandike kivyake. Kituo huagiza tu "lipa", bila kuuliza aliyefika ni nani. Hayo ndiyo maumbo mengi. Maneno class, new, this na virtual anayoandika mtumiaji wa lugha ya C++ leo yalikuwamo tayari ndani ya Simula 67. Bjarne Stroustrup, aliyeiunda C++, aliyachukua huko.

Ufichaji, ambao walimu wengi huutanguliza, ulichelewa. Simula 67 ilipotoka, sehemu yoyote ya programu iliweza kubadili "aliye nyuma yangu" wa gari bila kumrekebisha jirani yake, na foleni ikakatika. Kinga iliongezwa katika miaka ya 1970. Alan Kay na wenzake wa kampuni ya Xerox, waliounda lugha ya Smalltalk, walikuwa wakali zaidi: data za kitu haziguswi na mtu wa nje, unakitumia ujumbe tu.

Nygaard na Dahl walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili walifariki 2002.

Mimi mwanafunzi mpya humpa foleni hiyohiyo. Namwacha aandike basi, kisha lori, akinakili msimbo wa foleni kwa mkono wake. Halafu namwambia aongeze bodaboda. Hapo huinua kichwa na kuuliza kama hakuna njia ya kuyaandika haya mara moja tu.